Kilele Kiko Wapi na Kina Kimo Gani? Uhakiki wa Ufundishaji wa Fanksheni za Kipeo cha Pili katika Shule za Sekondari Tanzania

Mbinu iliyozoeleka ya kufundishia kilele cha fanksheni ya kipeo cha pili katika kidato cha tatu ni kumpa mwanafunzi kanuni x = −b/2a, kumfanyia mifano miwili mitatu, kisha kumwachia mazoezi. Sehemu hii inahakiki mbinu hiyo. Kanuni yenyewe ni sahihi. Tatizo ni kwamba inapotangulizwa kabla ya hoja iliyoizaa, humzoesha mwanafunzi kujibu swali ambalo hakuulizwa.

Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye waya wa mita 40 anayetaka kuzungushia zizi la mstatili, upande mmoja ukiwa ukuta uliopo tayari. Ikiwa kila upande unaotoka ukutani una mita x, upande unaoelekeana na ukuta una mita 40 − 2x, na eneo ni 40x − 2x². Kanuni inatoa x = 10. Kosa la kawaida ni kuandika kwamba eneo kubwa kabisa ni 10. Hapo hesabu haijakosewa. Kilichochanganywa ni mahali kilele kilipo na kimo chake. Kwa Kiswahili, “wapi” na “kiasi gani” ni maswali mawili yasiyofanana. Darasani, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, tofauti hiyo humfikia mwanafunzi kupitia istilahi ambazo hajazizoea. Tena, kanuni haisemi hata kama x iliyopatikana ni ya kilele au ya bonde.

Sasa tukamilishe mraba: 40x − 2x² = 200 − 2(x − 10)². Mraba wa namba halisi hauwi hasi. Kwa hiyo eneo haliwezi kuzidi 200, na linafikia 200 pale tu x inapokuwa 10. Mahali, kiasi na sababu vinaonekana katika mstari mmoja. (Al-Khwarizmi, katika karne ya 9 huko Baghdad, alichora miraba hiyo, mwanafunzi wetu mara nyingi hubakiwa na jina la tendo bila mchoro.)

Udhaifu mkubwa zaidi hujitokeza panapokuwa na mpaka. Tuseme ukuta una mita 16 tu, na zizi lisiupite. Basi 40 − 2x haizidi 16, na x haipungui 12. Kanuni bado inasema 10, yaani zizi linalohitaji mita 20 za ukuta, ambazo hazipo. Umbo lililokamilishwa, kwa upande wake, linaonyesha kwamba kadiri x inavyojitenga na 10 ndivyo eneo linavyopungua; hivyo tunachagua thamani inayoruhusiwa iliyo karibu zaidi na 10, ambayo ni 12, na eneo ni 200 − 8 = 192.

Watetezi wa kanuni husema kwamba muda ni mfupi na mtihani wa kidato cha nne hausubiri. Hoja hiyo ina uzito kwa mwalimu mwenye darasa lililojaa. Hata hivyo, kukamilisha mraba si mada mpya: hufundishwa kidato cha pili katika milinganyo, kisha huachwa huko. Tunachodai ni kubadili mpangilio tu, pamoja na kutunga maswali ambayo jibu la kanuni liko nje ya mpaka. Swali la namna hiyo lina sentensi moja tu zaidi ya lile la kawaida.