Hekalu la Nyatapola: Ngazi na Mlango

Mara nyingi sisi wanatheolojia huhukumu nyumba ya ibada ya wengine kwa sanamu zilizomo, kabla ya kuuliza jengo lenyewe linanena nini. Hekalu la Nyatapola, katika mji wa Bhaktapur nchini Nepal, lastahili kusomwa kwa makini zaidi.

Mfalme Bhupatindra Malla alilijenga mwaka 1702, kwa matofali na mbao, kwa ustadi wa Wanewari. Majukwaa matano yamepandana, kila moja likiwa dogo kuliko la chini yake. Juu yake paa tano nazo hupungua vivyo hivyo. Kandokando ya ngazi wamesimama walinzi wawili wawili: wapiga mieleka, tembo, simba, wanyama wa hekaya, na miungu wa kike. Kwa mapokeo, kila jozi ina nguvu mara kumi kuliko ile iliyo chini yake.

Hekalu hili halikuanguka katika matetemeko ya 1934 na 2015, ingawa lile la mawe la Vatsala Durga, mjini humo humo, liliporomoka mwaka 2015.

Lakini chumba cha Siddhi Lakshmi huingiwa na makuhani pekee. Ngazi zawaita wote, mlango wawasimamisha. Msomaji aijuaye habari ya pazia lililopasuka ataona hapo upungufu, nami naona hivyo. Hata hivyo upungufu huo si wa fundi. Yeye alitamka kwa uaminifu kwamba utakatifu haukaribiwi kwa mazoea. Fundisho tusilolikubali yatupasa kwanza kulisikia likinenwa vema.