Mkato au Kamba? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Jiometri

Istilahi hupimwa kwa kazi yake, wala si kwa utamu wa sauti. Hapa tutalipima jina la mstari upitao nukta mbili za uso, na kipimo chetu kitakuwa kanuni aliyoithibitisha Mwitaliano Francesco Severi mwaka 1901.

Tuchukue uso laini katika anga projektivu la vipimo vitano, usiolala ndani ya anga dogo zaidi. Kila jozi ya nukta zake huunganishwa na mstari mmoja. Nukta ya kwanza ina uhuru wa vipimo viwili, ya pili viwili, na nukta isafiriyo juu ya mstari kimoja. Kwa hiyo hutazamiwa kwamba mistari hiyo italijaza anga zima. Severi alionyesha kuwa ni uso mmoja tu unaokaidi: ule wa Giuseppe Veronese, ambao ni taswira ya bapa kwa vizidisho sita vya majira yake, yaani x², y², z², xy, yz na zx.

Sababu yake ni nyepesi. Nukta mbili za bapa hulala katika mstari mmoja, na taswira ya mstari huo ni koniki iliyo ndani ya bapa lake yenyewe. Mstari uziunganishao taswira za nukta hizo hauwezi kulitoka bapa hilo. Mabapa ya namna hii yana uhuru wa vipimo viwili, na kila bapa lina viwili: jumla ni vinne, si vitano.

Hoja nzima, basi, ni ya kuunganisha. "Mkato" ni tafsiri ya shina la Kilatini lenye maana ya kukata. Hufaa kwa duara. Lakini hapa hakuna kinachokatwa, na mwanafunzi atakitafuta bure. "Sekanti" imekwisha kutwaliwa na trigonometria, na "kiunganishi" na wanasarufi.

Twapendekeza "kamba", kama ile aivutayo mwashi kati ya vigingi viwili. Waitalia nao walitumia corda. Itasemwa kwamba kamba hukoma penye vigingi, ilhali mstari huendelea. Ni kweli, lakini kasoro hiyo huponywa na fasili ya maneno machache. Kasoro ya "mkato" haiponi, maana huipotosha fikira tangu mwanzo. Atafsiriye shina la neno pasipo kuifuata hoja humpa msomaji jina la kukariri, humnyima la kufikiria.