Ribiti ya 4-4 haikuwa na kazi pale

Video mmeiona wenyewe, maana imezunguka simu za Kisangani nzima: vijana wa karakana moja ya mjini, jina naliacha, wanaunda tangi la mafuta la ndege ndogo. Mabati yamekatwa sawasawa, matundu yamesafishwa, kleko zimepangwa, gundi ya kuzibia imepakwa kwa kipimo. Hapo sina neno. Ugomvi wangu unaanza fundi alipofika kwenye kikalio cha koki ya chini, akaendelea kuchota ribiti kwenye kopo lile lile.

Tangi lote lilipigwa ribiti za 4-4, yaani kipenyo milimita 3.2 na urefu 6.4. Kwenye maungio ya kawaida ni sahihi. Mabati mawili ya milimita 0.8 yana unene wa 1.6, ongeza kipenyo mara moja na nusu, ambacho ni 4.8, unapata 6.4. Hesabu hiyo wasomaji wa safu hii wanaijua.

Sasa kikalio. Kile ni bamba la milimita 3.2 juu ya mabati yale mawili, kwa hiyo unene umefika 4.8. Ongeza 4.8 nyingine: 9.6. Hiyo ni 4-6, na hakuna cha kubishania. Ribiti ya 4-4 pale inachomoza milimita 1.6 tu, nusu ya kipenyo chake. Utaitengenezea kichwa gani? Itazameni tena video. Fundi anaona kichwa hakitoki, badala ya kusimama anaongeza hewa kwenye bunduki na kugonga zaidi. Kichwa kinalala kama chapati, na chuma cha kuegemezea kinaanza kuchubua bamba. Kisha inasikika sauti ya mkubwa wake: gundi itaziba.

Gundi itaziba! Nimelipinga neno hili humu mpaka nimechoka, kama nilivyochoka kuwapinga wanaoweka ribiti za pop zenye tundu katikati kwenye tangi la mafuta. Kazi ya gundi ni kuzuia mafuta yasipite. Mzigo haubebi, mzigo ni wa ribiti. Bawa likitikisika, kichwa chembamba kinalegea, mabati yanachezacheza, gundi inapasuka, na doa linatokea chini ya bawa. Tena fundi alichagua kukosea kwenye koki, mahali panaposhikwa kila asubuhi kutoa maji kabla ya kuruka. Kwa unyevu wetu wa Tshopo, nani anathubutu kuliruka zoezi hilo? Na ukitoka uwanja wa ndege wa Bangoka, chini yako ni msitu na mto.

Watetezi wake wanasema 4-6 zilikuwa zimeisha. Basi angechukua 4-8 akazikata kwa kikata ribiti. Ndefu hukatwa, fupi hairefushwi. (Wale wanaoipiga ndefu bila kuikata, ikalala ubavu, zamu yao itafika.) Joseph Conrad alifika hapa kwetu, wakati huo Stanley Falls, mwaka 1890 kwa meli ya Roi des Belges, na katika riwaya yake Heart of Darkness nahodha anakwama kwa kukosa ribiti. Yule alisubiri.

Na mafundi wa zamani tunawasahau upesi. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikaletwa Kigoma kwa masanduku yapatayo 5,000, ikaungwa upya kwa ribiti na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli ya namna ile ina maungio ya mabati mawili, mengine matatu, na kila ungio lina urefu wake wa ribiti. Miaka chini ya Ziwa Tanganyika haikuwaumbua waliozipiga. Leo tunashindwa na kikalio cha koki kimoja!

Vijana, toboeni ribiti zote za kikalio hicho, mzitoe taratibu. Tundu likipanuka, hamieni kipenyo cha milimita 4.0, na hapo urefu ni 5-7. Pakeni gundi mpya, mkaze kleko mpaka mabati yashikane, ndipo mpime unene. Kisha litieni tangi hewa kidogo na kulipaka povu la sabuni. Kabla ya hapo, tangi hilo si la kufungwa kwenye bawa.