Chombo Kisemacho na Mtoto Anyamazaye

Mwalimu wa watoto wadogo ana mizigo mingi, lakini mzito kuliko yote ni huu: kumfikisha mtoto mahali ambapo huona alama iliyoandikwa na papo hapo huisikia ndani yake kama sauti ya mtu. Aliyevuka hapo amekwisha kujua kusoma. Yaliyobaki ni mazoezi. Asiyevuka huketi ukingoni mwa mto miaka mingi, akiwatazama wenziwe wakienda zao. Ndiyo sababu watu wa nchi mbalimbali wamejaribu tangu zamani kutengeneza chombo cha kumvusha, chenye picha kwa ajili ya macho na sauti kwa ajili ya masikio.

Leo twataka kuvipima vyombo vitatu vya namna hiyo: kitabu cha mwaka 1658, kitu cha kuchezea cha mwaka 1965, na mtambo wa umeme wa mwaka 1978. Hatukuvichagua kwa upya wao, maana hata hicho cha mwisho kimekwisha kuwa mzee. Tumevichagua kwa kuwa kila kimoja kina wazo moja lililo wazi, na mtu atakaye kuwatengenezea watoto chombo kama hicho aweza kuliona bila kuzuiwa na mapambo. Kipimo chetu ni swali moja tu: Chombo kinapofanya kazi, mtoto naye anafanya kazi gani?

Kitabu ni cha Comenius, aliyezaliwa Moravia, katika nchi iitwayo leo Ucheki, mwaka 1592. Alikuwa mwalimu, tena askofu wa Umoja wa Ndugu, ushirika uliofufuliwa baadaye na kujulikana kwa jina la Wamoravian, ambao wajumbe wao walifika Rungwe mwaka 1891. Basi wako wasomaji wetu ambao kanisa lao lina ukoo na mtu huyu. Vita na mateso vilimfukuza kwao, akaishi ugenini mpaka alipofariki huko Amsterdam mwaka 1670. Kitabu chake, Orbis Sensualium Pictus, yaani ulimwengu uonekanao uliochorwa kwa picha, kilipigwa chapa mjini Nuremberg katika Kilatini na Kijerumani. Kina sura 150, na sura zake zina picha. Vitu vilivyo katika picha vimetiwa nambari, na nambari zizo hizo zimetiwa katika maneno, ili mtoto asome neno kisha akitafute kitu chenyewe kwa kidole.

Walakini sisi twauangalia zaidi ule ukurasa wa herufi ulio mwanzoni. Pale kila herufi ina picha ya kiumbe au jambo litoalo sauti. Kando ya S yuko nyoka, kwa kuwa nyoka hutoa sauti ya S. Kando ya R yuko mbwa angurumaye kwa hasira. Kunguru ana sauti yake, mwana-kondoo yake, hata upepo una yake. Wengi watasema, "Hayo twayajua, hata vitabu vyetu vya kwanza vina picha na herufi." La, si hayo. Vitabu vingi humwonyesha mtoto picha ya kitu ambacho jina lake huanza kwa herufi ile, mathalan M na picha ya meza. Mtoto aitazamapo picha husema "meza", wala hasemi M. Tumewaona watoto wengi wakipita kurasa kama hizo kwa mbio, wakitaja meza, nyumba na samaki pasipo kosa. Ukizifunika picha kwa kiganja, wananyamaza. Walisoma picha, herufi hawakuiona. Bali mtoto amwonaye nyoka na kuiga sauti yake amekwisha kuitamka herufi yenyewe. Picha yamwongoza kwenye sauti moja kwa moja.

Tena kitabu hiki hakina sauti yake chenyewe. Ni karatasi, nayo haisemi. Asipofoka mtoto mwenyewe kama nyoka, nyoka yule atakaa kimya milele. Tumeuliza mtoto anafanya kazi gani, na hapa jibu ni kwamba sehemu yote ya masikio imeachwa katika kinywa chake. Twaamini ya kuwa hii ndiyo nguvu kubwa ya chombo hiki, ijapokuwa yaonekana kama upungufu.

Hata hivyo hatuwezi kukisifu bila kipimo. Si kila herufi ina mnyama wake, kwa hiyo nyingine zimelazimishwa kwa viumbe ambao hawazisemi kweli. Katika sura zinazofuata picha zimejaa vitu vingi mno, na nambari zake zamchosha mtoto mdogo. Comenius alikuwa na akili mbili, ya mwalimu na ya mkusanyaji wa mambo yote ya dunia, na mara kwa mara yule mkusanyaji alimshinda mwalimu.

Tuje kwenye chombo cha pili. Mwaka 1965 kampuni ya Mattel ya Marekani ilianza kuuza kitu cha kuchezea kiitwacho See 'n Say. Ni duara lenye picha za wanyama wa shambani kandokando, na katikati mshale. Mtoto huuelekeza mshale kwa mnyama amtakaye, kisha huvuta kamba. Ndani sahani ndogo ya santuri huzunguka, na sauti humtaja mnyama na kutoa mlio wake. Hakikuhitaji betri, maana kule kuvuta kamba ndiko kulikompa nguvu mzungushaji wa ndani.

Uzuri wake ni kuchagua. Mwanasesere asemaye wa kampuni iyo hiyo, wa mwaka 1960, alisema neno lolote lililotokea, mtoto asijue litakuwa lipi. Hapa mtoto akitaka ng'ombe hupata ng'ombe, naye hujifunza kwamba alama fulani huleta sauti fulani, wala haibadiliki. Huo ni mlango wa kusoma. Lakini mlango huo haufiki chumbani, maana herufi haikuhusika. Kisha lipo jambo jingine: mlio ambao katika kitabu cha Comenius ulitoka kinywani mwa mtoto, sasa watoka katika sanduku. Mtoto huvuta, husikia, hucheka, huvuta tena. Mkono wake una kazi, kinywa chake kimepumzishwa. Hatuwalaumu waliokitengeneza, kwa kuwa hawakukusudia kufundisha kusoma; lakini mwalimu anunuaye kitu kama hicho kwa kusudi hilo ajue anachonunua.

Chombo cha tatu ni cha ajabu kuliko vyote. Mwaka 1976 mafundi wa kampuni ya Texas Instruments, Paul Breedlove, Richard Wiggins, Larry Brantingham na Gene Frantz, walianza kazi ambayo wengi waliidhania haiwezekani: kuifanya sauti ya mtu itoke katika kipande kimoja kidogo cha silikoni, pasipo sahani wala utepe wa kuzunguka. Mwezi wa Juni 1978 walikionyesha chombo chao, Speak & Spell, nacho kiliuzwa kwa bei ya dola 50 hivi. Ndani yake sauti haikuwekwa kama katika santuri. Ziliwekwa hesabu zinazoeleza jinsi koo na kinywa cha mtu vinavyoiumba sauti, na kile kipande kiliiumba upya kila mara.

Chombo hicho hutaja neno la Kiingereza, na mtoto hubonyeza herufi zake moja moja, zikionekana kwa mwanga katika kidirisha. Akikosa hupewa nafasi ya pili. Akikosa tena huambiwa herufi zilizo sawa, kisha huendelea. Baada ya maneno kumi huonyeshwa amepata mangapi. Vitufe vyake vimepangwa kwa utaratibu wa alfabeti, si kwa ule wa mashine ya kupiga chapa, na katika hilo twaona huruma ya waliokibuni, kwa sababu walimfikiri mtoto kabla ya kumfikiri karani.

Sifa yake kubwa ni kwamba huuliza. Kile cha pili husema tu. Hiki husema kisha hungoja. Tena hakichoki, hakipayuki, wala hakimcheki mtoto mbele ya wenzake. Mwalimu mwenye darasa kubwa, ambaye hawezi kumsikiliza kila mtoto kwa siku moja, asidharau uvumilivu huo. Tumewajua watoto walioacha kujaribu kwa sababu ya kicheko kimoja tu cha darasa.

Lakini zipo kasoro mbili ambazo yafaa mtengenezaji azikumbuke. Ya kwanza ni ya sauti. Hesabu zile zilibana sauti isizidi mpaka fulani wa wembamba, na sauti za S na F huishi hasa juu ya mpaka huo. Kwa hiyo chombo cha kufundisha herufi kilikuwa dhaifu katika baadhi ya herufi zenyewe. Nyoka wa karatasi wa mwaka 1658, akiigwa na mtoto, alitoa S iliyo safi kuliko mtambo ule. Ya pili ni kwamba chombo hiki kina kinywa lakini hakina sikio. Upo mchezo wake mmoja ambamo neno huonyeshwa na mtoto huamriwa kulitamka, kisha chombo hulitamka chenyewe. Mtoto akitamka vema, au vibaya, au akinyamaza kabisa, kwa chombo yote ni mamoja. Hivyo kazi ambayo chombo hukagua kwa kweli ni ya vidole tu.

Sasa na tujiulize habari zetu wenyewe. Je, yatosha kuchukua chombo kama hicho na kukitia maneno ya Kiswahili? Twasema hapana. Kile kilitengenezwa kwa ajili ya shida ya Kiingereza, ambacho maandiko yake hayafuati sauti, hata watu wazima hushindana katika kutaja herufi za maneno. Kwetu shida hiyo ni ndogo mno. Ajuaye silabi zake, akisikia "kisima", ataliandika hata kama hajapata kuliona. Shida zetu ni nyingine: kuunganisha konsonanti na irabu kwa haraka, kupambanua R na L kwa mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwake haizitengi, kutofautisha "dh" na "z", kuona kwamba mwanzo wa "ngoma" si sawa na mwanzo wa "ng'ombe". Atakayetengeneza chombo kwa ajili ya watoto wetu aanze na shida hizo, asianze na chombo cha wengine.

Twatoa mfano wa chombo ambacho mwalimu wa kijijini aweza kukitengeneza jioni moja. Kata miviringo miwili ya karatasi ngumu, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Katika ukingo wa mkubwa andika konsonanti, pamoja na zile za herufi mbili kama "ch", "dh" na "ng", usiisahau "ng'". Katika ukingo wa mdogo andika a, e, i, o, u. Iweke miwili pamoja, mdogo juu ya mkubwa, uifunike kwa karatasi yenye dirisha dogo upande wa kushoto, na kuifunga yote katikati kwa msumari mwembamba. Herufi zisimame wima zifikapo dirishani. Ukizungusha, dirisha litaonyesha "ba", kisha "be", kisha "so", na silabi nyingine zote. Kando ya S mchore nyoka, kando ya Z nyuki, lakini pale tu ambapo mlio ni herufi kweli. Usilazimishe kama Comenius.

Na sauti? Sauti ni watoto wawili. Mmoja huzungusha na kusoma alichokiona. Wa pili, aliyegeuza uso, huandika mchangani alichokisikia. Kisha huligeukia dirisha na kulinganisha. Chombo hiki kina kinywa, tena kina sikio, jambo ambalo mtambo wa mwaka 1978 haukuwa nalo. Twakiri upungufu wake: watoto wote wawili waweza kukosea pamoja na kusifiana, kwa hiyo mwalimu asiende mbali. Mtambo wa umeme haukosi kwa namna hiyo.

Siku hizi simu za mkononi zimeingia vijijini, nazo zina picha na sauti kupita yote tuliyoyataja. Hatuzipingi. Kwa kuwa simu yaweza kuinasa sauti ya mtoto na kumrudishia aisikie mwenyewe, imepewa lile sikio lililokosekana. Lakini nyingi tunazoziona mikononi mwa watoto huimba mfululizo, naye mtoto hukodoa macho tu. Debe tupu haliachi kuvuma. Mtengenezaji mwenye hekima atapanga kwanza mahali chombo chake kitakaponyamaza, na muda gani kitangoja.

Ndugu walimu, jaribuni gurudumu lile kwa majuma machache, mkiandika ni silabi zipi watoto wanazokwama. Orodha hiyo, ijapokuwa fupi, itamfaa mtengenezaji wa chombo kijacho kuliko sifa nyingi. Nanyi wazazi, mtoto akiwaletea chombo kisemacho, msimwulize kimesema nini. Kifunikeni, kisha mwambieni yeye aseme.