Sifa za Fundi Asiyekubali Kompyuta Ife

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 iliyokuja kushika nafasi yake inadai prosesa mpya na chipu ya usalama, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa mwaka 2015 au 2016 hazikidhi masharti hayo. Mashine nzima, inayowaka na kufanya kazi, ikahesabiwa mfu kwa uamuzi uliopitishwa Marekani. Huku Bonde la Rukwa uamuzi huo una uzito wake. Kompyuta ya mezani inayofika Kamsamba kwa kawaida imeshatumika ofisini ng'ambo, imeingia nchini kama mtumba, imeuzwa mjini, kisha imepakiwa garini kwa barabara ya Mlowo na kuteremka nalo vumbi lote la njiani. Ikifika ina umri wa kustaafu. Ndipo anapohitajika fundi wa aina fulani, na huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Kazi yake ni kuichukua kompyuta hiyo, kuiwekea mfumo endeshi wa Linux, kuichomeka kwenye televisheni ya sebuleni na kuifanya mashine ya gemu. Ukimtazama anavyoanza, hutadhani ni mambo ya programu. Kwanza anafungua kava. Feni imevaa vumbi jekundu kama blanketi. Analipuliza, anapitisha brashi, anang'oa feni juu ya prosesa na kufuta pesti ya zamani ya kupoozea, iliyokauka ikawa kama chokaa. Anaweka pesti mpya, tone dogo tu katikati. Bondeni joto ni kali, na gemu huchemsha prosesa kuliko barua za ofisini zilivyowahi kuichemsha. Kisha anatazama nyuma. Mashine nyingi za ofisini hutoa picha kwa DisplayPort, televisheni inataka HDMI, hivyo anatoa kigeuzi mfukoni. Hayo yote hata flashi hajaigusa.

Flashi ya kuwekea Linux inafuata. Watu wengi mtaani wamezoea kupigiwa Windows ya wizi, iliyovunjwa kufuli, ambayo mara nyingi huja na virusi vyake. Linux haina kufuli la kuvunja. Linus Torvalds alipoitangaza mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi Helsinki, na leseni iliyowekwa mwaka uliofuata inamruhusu yeyote kuinakili, kuibadilisha na kuigawa. Kwa mtu anayenunua bando kwa kupimapima, ruhusa hiyo ina thamani ya fedha. Faili la Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, lina ukubwa wa gigabaiti zisizozidi tatu hivi. Fundi analishusha mara moja akiwa Tunduma au Mlowo, na flashi hiyohiyo inahudumia kijiji kizima, naye analala usingizi wake bila wasiwasi wa wizi.

Sehemu ngumu ni gemu zenyewe, kwa kuwa nyingi ziliandikwa kwa ajili ya Windows. Gemu inapotaka kufungua faili au kuchora uwanja wa mpira, inaomba kwa lugha ya Windows, na Linux haiijui lugha hiyo. Anahitajika mkalimani, kama wale wanaosimama kati ya mfanyabiashara wa Tunduma na mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka: bei haiwi yake, mzigo si wake, lakini bila yeye biashara hailali wala haiamki. Mradi wa Wine umeifanya kazi hiyo tangu mwaka 1993, ukijibu ombi moja baada ya jingine, mengine bila maelezo yoyote kutoka kwa walioyabuni. Baadaye ikaja DXVK, inayogeuza maagizo ya kuchora ya Windows kuwa ya Vulkan, lugha ambayo kadi za picha huielewa kwenye Linux.

Umuhimu wa uvumilivu huo ulionekana kampuni ya gemu ya Valve ilipoteleza. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilileta Steam Machine, kompyuta za sebuleni zenye Linux, na hazikuuzika, kwa sababu gemu zilikuwa chache. Valve haikurudi kwanza na boksi jipya. Ilirudi mwaka 2018 na Proton, iliyojengwa juu ya Wine pamoja na DXVK, na maelfu ya gemu yakaanza kuchezeka. Steam Deck, mashine yake ya mkononi ya mwaka 2022, ilifaulu kwa kuwa kazi ya ukalimani ilishafanyika. Sony nayo mwaka 2021 ilitia mkono wake ndani ya Linux, ikaandika programu ya kuendeshea pedi ya PlayStation 5.

Kazi ya ukalimani wa namna hii si ngeni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili. Hakuna aliyeomba kibali cha kampuni kuzitafsiri. Programu huria tayari zilikuwa zimetoa kibali.

Fundi mkweli hafichi mipaka. Kijana anayetaka Fortnite au EA Sports FC ya miaka ya karibuni ataambiwa hapana, maana ulinzi wao dhidi ya wadanganyifu haukubali Linux. Mashine ya Intel ya kizazi cha tatu au cha nne haina Vulkan ya kutegemewa, kwa hiyo Proton itabahatisha; kizazi cha sita ndicho kinachoanza kutulia. Kwa mashine dhaifu fundi anaweka SuperTuxKart kwa watoto, au PPSSPP, programu inayoiga PSP, kwa mwenye gemu zake za PSP za mpira, na zinakwenda bila kukwama. Kujua kipi kinafaa mashine ipi ndiko kunakomtofautisha fundi na mpiga Windows.

Kwa hiyo mwenye kompyuta chakavu asiiuze kama chuma chakavu kabla haijapita mikononi mwa fundi huyo. Na ikishawaka sebuleni, asimwambie kwamba kwa kuwa Linux ni ya bure, na kazi yake iwe ya bure. Vumbi alilipuliza yeye, na miaka ya kujifunza aliitoa yeye. Mlipe.