Mechi 9, Pointi 56: Nani Aliiangusha Nebraska?

Msimu wa 2021 timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska ilicheza mechi 12, ikashinda 3 na kupoteza 9. Anayesoma msimamo wa ligi peke yake ataiona timu dhaifu. Ajumlishe pointi zote ilizofunga na kutoa ilizofungwa, atakuta ziada ya pointi 63. Katika mechi zile tisa, tofauti haikuzidi pointi 9 hata mara moja, na tofauti zote zikiwekwa pamoja zinafika 56 tu. Ohio State walitoka Lincoln, nyumbani kwa Nebraska, na ushindi wa 26-17 ambao haukuwa wa raha. Michigan, waliochukua ubingwa wa kanda ya Big Ten mwaka huo, waliokolewa na mkwaju wa dakika za mwisho na kushinda 32-29.

Timu inayobanana mbavu na vigogo kiasi hicho, kisha ikaachia kila inapofika dakika za lala salama, ina ugonjwa wa namna yake. Katika jimbo ambalo tiketi za mechi za nyumbani zimekuwa zikiisha tangu Novemba 1962, watu waligawanyika. Kuna waliosema benchi la ufundi limeshindwa kazi, na kuna waliosema timu imezoea kushindwa, hata aje kocha gani. Kila upande una ushahidi wake, na ushahidi wenyewe umo kwenye mikanda ya mechi.

Mechi ya kwanza, Agosti 28, ugenini kwa Illinois. Mlinzi wa Nebraska anaudaka mpira wa mkwaju akiwa karibu kabisa na mstari wake wa goli, mahali ambapo alipaswa kuuacha upite, na purukushani inayofuata inawapa Illinois pointi 2 za bure. Kabla ya mapumziko kwotabeki wa Nebraska, Adrian Martinez, yaani mchezaji anayepokea mpira na kuongoza shambulizi, anapokonywa mpira na mlinzi anaukimbiza yadi 41 hadi golini. Ongeza mikwaju miwili ya pointi moja moja iliyokosewa baada ya Nebraska kufunga. Hizo ni pointi 11. Nebraska ilifungwa 30-22, tofauti ya 8.

Wiki tatu baadaye kwa Oklahoma, mkwaju wa pointi moja ulizuiwa na mpira ukakimbizwa hadi upande wa pili, wenyeji wakapata pointi 2. Mikwaju miwili ya pointi 3 ikatoka nje. Mchezo ukaisha 23-16.

Lakini mechi ya Michigan State, Septemba 25, ndiyo inayoumiza zaidi kuitazama. Ulinzi wa Nebraska siku hiyo ulikuwa wa kiwango cha juu, na katika kipindi cha pili wenyeji hawakuweza hata kuvuka yadi 10 zinazohitajika ili kuendelea na shambulizi. Nebraska ikiongoza 20-13, zikiwa zimebaki dakika chini ya nne, iliamua kupiga mkwaju wa kuuondosha mpira mbali. Mpango ulikuwa mpira uende kulia, na wachezaji wote wa kuufuatilia wakakimbilia kulia. Mpira ukaenda kushoto. Jayden Reed wa Michigan State akaudaka akiwa hana mtu wa kumkaribia na kukimbia yadi 62 hadi golini. Ikawa 20-20, na katika muda wa nyongeza pasi ya Martinez ikanaswa, Michigan State wakamaliza kazi kwa mkwaju wa pointi 3.

Wachezaji kumi walifanya walichofundishwa, mmoja akaukosea mpira. Anayeamini bahati atasema hilo ni bahati mbaya. Hoja hiyo inastahili kupewa nafasi yake, kwa sababu takwimu za mchezo huu zinaonyesha kwamba matokeo ya mechi zinazoamuliwa kwa pointi 8 au pungufu hutawaliwa sana na bahati, na timu nyingi hurudi kwenye nusu kwa nusu miaka ikipita. Scott Frost, kocha wa Nebraska kuanzia 2018 hadi Septemba 2022, alishinda mechi 5 za aina hiyo na kupoteza 22. Kama kila mechi ingekuwa kurusha sarafu, uwezekano wa kupata ushindi 5 au pungufu katika mirusho 27 ni takriban mara 1 katika 1,300. Ni nadra mno, ingawa kwenye daraja lenye timu zipatazo 130 na makocha wanaobadilishwa kila baada ya miaka michache, jambo nadra litamwangukia mtu fulani siku moja.

Kinachoidhoofisha hoja ya bahati ni mahali makosa yalipotokea. Bahati haichagui idara. Illinois, Oklahoma, Michigan State, na kisha Iowa mwishoni mwa Novemba: mara nne pointi zilizoamua mchezo zilitoka kwenye mikwaju. Dhidi ya Iowa, Nebraska iliongoza 21-6. Robo ya nne ilipoanza mkwaju wao ukazuiwa na kugeuzwa goli, baadaye wakabanwa ndani ya eneo lao wenyewe na kutoa pointi 2, na mechi ikaisha 28-21 kwa wageni.

Hapo ndipo lawama zinapomfikia kocha, kwa sababu ya namna alivyogawa kazi. Wakati ule sheria za michezo ya vyuo ziliruhusu makocha wasaidizi 10 wa kudumu, na kocha mkuu ndiye aliyeamua nani afundishe nini. Misimu ya mwanzo Frost alimkabidhi vikosi vya mikwaju kocha aliyekuwa pia na walinzi wa pembeni. Mwaka 2020 akampa mchambuzi, cheo ambacho kwa kanuni za siku hizo hakikuruhusiwa kufundisha wachezaji uwanjani. Mwaka 2021 kazi ikaenda kwa Mike Dawson, naye akiwa na walinzi wa pembeni mkononi. Ni baada ya msimu huo wa vipigo 9 ndipo Bill Busch alipopewa kazi ya mratibu kamili wa vikosi hivyo. Ng'ambo ya mpaka wa jimbo, Iowa walikuwa na LeVar Woods kwenye kazi hiyo hiyo tangu 2017. Kuanzia 2018 hadi 2021 Iowa waliifunga Nebraska kila mwaka kwa tofauti ya pointi 3, 3, 6 na 7, na zile mbili za kwanza zilimalizwa kwa mkwaju wa sekunde za mwisho.

Watu wakasema Iowa wana utamaduni wa kushinda. Walikuwa pia na mtu anayeamka asubuhi akiwaza mikwaju.

Ushahidi wa pili unamhusu Martinez. Aliingia chuoni 2018 na akaanza kama kwotabeki akiwa mwaka wa kwanza. Katika misimu minne pasi zake 30 zilinaswa na wapinzani, nyingine katika nyakati mbaya kabisa, na lawama za mashabiki zikamwandama kila wiki. Wachache walikumbuka kwamba mwaka 2020 na 2021 yeye huyo huyo ndiye aliyekuwa mkimbiaji anayeongoza kwa yadi katika timu, kazi inayomgharimu mtu mbavu na vifundo, au kwamba sehemu kubwa ya 2021 alicheza taya likiwa limevunjika. Mechi ya Michigan, matokeo yakiwa 29-29 na chini ya dakika mbili zimebaki, Martinez alijikaza kutafuta yadi chache zaidi akiwa kati ya walinzi, mpira ukachomolewa mikononi mwake. Mpango wa mashambulizi ulimfanya yeye kuwa jibu la kila swali, hadi swali la mwisho.

Mwaka 2022 alihamia Kansas State. Huko alimkuta Deuce Vaughn, mkimbiaji aliyefikisha yadi zaidi ya 1,500 msimu huo, na makocha waliompunguzia Martinez pasi za kubahatisha. Kabla ya kuumia Novemba, pasi yake moja tu ilinaswa. Septemba 24 aliifunga Oklahoma kwao 41-34, akikimbia yadi 148 na kufunga magoli manne mwenyewe. Kijana aliyehesabiwa kuwa kielelezo cha timu isiyojua kumaliza mechi alikuwa ameshika mechi kubwa hadi mwisho, miezi michache tu baada ya kuondoka. Moyo wake haukubadilika kwa kuvuka mpaka wa jimbo. Kilichobadilika ni mzigo aliotwishwa.

Frost mwenyewe anatatiza mambo. Alikuwa kwotabeki wa Nebraska iliyogawana ubingwa wa taifa mwaka 1997. Alipokuwa kocha wa chuo cha UCF aliichukua timu iliyotoka kupoteza mechi zote 12 za msimu wa 2015, na msimu wa 2017 akashinda mechi 13 bila kupoteza, ikiwemo mechi ya mwisho wa msimu, Peach Bowl, dhidi ya Auburn. Mtu huyo anajua kujenga timu. Kwa hiyo wanaosema tatizo ni la klabu, si la kocha, wana pa kusimama, na rekodi ya miaka iliyotangulia inawapa nguvu. Mwaka 2015, chini ya Mike Riley, Nebraska ilipoteza mechi tano kwa tofauti ya pointi 5, 1, 3, 2 na 2. Baada ya Frost kutimuliwa, kocha wa muda Mickey Joseph aliongoza 14-3 dhidi ya Wisconsin na akafungwa 15-14. Mwaka 2023 kocha mpya Matt Rhule alihitaji ushindi mmoja tu katika mechi nne za mwisho ili timu ipate mwaliko wa mechi za mwisho wa msimu. Akapoteza zote: 20-17, 13-10, 24-17 katika muda wa nyongeza, na 13-10.

Makocha wanne, ugonjwa mmoja. Hapa neno utamaduni linaanza kuwa na uzito, mradi lisichukuliwe kama pepo lililopanda uwanjani. Bob Devaney na Tom Osborne waliifundisha Nebraska misimu 36 mfululizo, 1962 hadi 1997, wakaleta mataji matano. Baada yao Frank Solich alifukuzwa 2003 akiwa ameshinda mechi 9 na kupoteza 3. Bo Pelini alishinda mechi 9 au 10 kila mwaka kwa miaka saba, naye kibarua kikaota nyasi 2014. Kila aliyekuja alileta mfumo wake: Bill Callahan wa pasi nyingi, Pelini wa ulinzi, Riley wa mtindo wa ligi ya kulipwa, Frost wa kasi. Kila mfumo unahitaji wachezaji wa aina yake, na kila mabadiliko yaliacha vijana waliosajiliwa kwa ajili ya mchezo mwingine. Timu ya namna hiyo hujifunza upya kila miaka minne jinsi ya kulinda uongozi wa pointi 10, jambo ambalo wakubwa wa kikosi walipaswa kuwafundisha wadogo.

Hilo halimwondolei Frost hesabu yake. Agosti 27, 2022 mjini Dublin, akiongoza 28-17 dhidi ya Northwestern katika robo ya tatu, aliagiza mkwaju mfupi wa kuvizia ambao hakuna aliyekuwa akiuhitaji. Northwestern wakauokota, wakafunga, wakafunga tena, 31-28. Wiki mbili baadaye Georgia Southern wakaja Lincoln na kushinda 45-42, wakivuna yadi 642. Kabla ya siku hiyo Nebraska haikuwahi kupoteza nyumbani mechi iliyofunga pointi 35 au zaidi, rekodi ya mechi 214. Alifukuzwa kesho yake kwa fidia ya takriban dola milioni 15, ilhali wakubwa wa chuo wangesubiri hadi Oktoba 1 ingeshuka hadi nusu.

Kwa hiyo msimu wa 2021 ni wa benchi la ufundi. Vikosi vya mikwaju visivyo na mwenyewe na kwotabeki aliyebebeshwa kila kitu vinatosha kueleza pointi 56 bila kutafuta mzimu. Ule mfululizo mrefu kuanzia 2015 ni wa waliokuwa wakiajiri na kufukuza. Rhule aliweka mratibu wa mikwaju tangu mwanzo, Ed Foley, na mikwaju ilipoendelea kuzuiwa mwaka 2024 akamleta Mike Ekeler kutoka Tennessee. Mwaka huo huo Iowa walimfunga tena 13-10 kwa mkwaju wa mwisho, lakini mwezi mmoja baadaye Nebraska ilishikilia uongozi uliokuwa ukiyeyuka na kuifunga Boston College 20-15 katika Pinstripe Bowl. Anayetaka kujua kama timu hii imepona asihangaike na kauli za kambini kabla ya msimu. Atazame mikwaju yao katika robo ya nne dhidi ya Iowa.