Kocha Bila Mwajiri: Uhakiki wa Lugha ya Mabishano ya Mashabiki wa Kandanda, kwa Kuangalia kutoka Busanza, Kigali

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mabishano ya mashabiki kuhusu makocha wa Rayon Sports na APR FC kama usemi wa umma wenye kanuni zake. Yanachunguza sarufi na misemo ambayo kwayo kocha husifiwa, huhukumiwa na kuondolewa, katika Kiswahili na katika Kinyarwanda. Dai lake ni kwamba lugha hiyo humfikisha kocha mbele ya baraza kila wiki, huku ikimwacha nje aliyemwajiri. Mifano imetokana na matukio ya 2018 hadi 2025.

Mahali na wasemaji

Busanza iko katika kata ya Kanombe, wilayani Kicukiro, karibu na uwanja wa ndege wa Kigali na taasisi za jeshi, ikiwemo hospitali yake. Ndiko kaya zilizoishi Kangondo na Kibiraro, mtaani Nyarutarama, zilikohamishiwa baada ya mvutano uliofika mahakamani. Mtaa wa namna hiyo hauna ukoo mmoja wa ushabiki. APR, timu ya jeshi iliyoanzishwa 1993, ina wafuasi wake wa asili katika ujirani huo. Rayon Sports, iliyozaliwa Nyanza mwaka 1968 na kuitwa Gikundiro na waipendao, ina wake kila mahali Rwanda. Mechi ya watani hao inapokwisha, mabishano huanza kabla watu hawajafika nyumbani.

Lugha ya mabishano hayo ni Kinyarwanda. Hata hivyo Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kimo ndani yake kwa njia ambazo sera haikuzipanga: kupitia waliorejea kutoka Tanzania, Kongo, Burundi na Uganda, kupitia wanaofuatilia Simba na Yanga, na kupitia makocha wanaohama kutoka ligi moja ya ukanda huu kwenda nyingine. Kwa sababu hiyo hoja inayoihusu Kigali haiwezi kuishia Kigali.

Mtafiti anaweza kuuliza kwa nini maneno haya yastahili kuhakikiwa. Jibu ni jepesi. Katika maisha ya kawaida ya Afrika Mashariki, kazi ya kocha ni miongoni mwa kazi chache sana ambazo matokeo yake hutangazwa hadharani kila wiki, hujulikana na wote kwa usahihi, na hujadiliwa na mtu yeyote bila kuomba ruhusa. Mabishano haya ni zoezi la tathmini ya umma. Yanapokuwa na kasoro ya kudumu, kasoro hiyo inastahili kutajwa.

“Na” mbili

Kasoro yenyewe inaanzia kwenye neno dogo kuliko yote. Katika Kiswahili husemwa “kocha amefukuzwa na klabu”, na pia husemwa “kocha ameachana na klabu”. Sentensi mbili hizi zinafanana kwa sura, lakini “na” ya kwanza humtaja mtenda, na ya pili huwaunganisha wawili walio sawa katika tendo. Kinyarwanda kina jozi ileile: yirukanywe na, yaani amefukuzwa na, yatandukanye na, yaani ametengana na. Taarifa za klabu za pande zote mbili za mpaka hupenda sana jozi ya pili. Mwaka 2023, siku chache baada ya Simba kufungwa 5-1 na Yanga tarehe 5 Novemba, klabu hiyo ilitangaza kwamba imefikia makubaliano ya pande mbili ya kuvunja mkataba na kocha wake Mbrazili, Roberto Oliveira, maarufu kama Robertinho. Kabla ya siku hiyo Simba ilikuwa haijapoteza mchezo wowote wa ligi msimu huo. Hakuna shabiki aliyedhani kwamba mtu huyo aliamka asubuhi akaamua kuondoka. Lakini kauli ya kutendana ilikuwa imekwisha fanya kazi yake. Tendo la mmoja liligawanywa kwa wawili, na lawama ikagawanyika pamoja nalo.

Kauli ya kutendwa ingetarajiwa kuwa nyoofu zaidi. Nayo hutumiwa, hasa katika kitenzi kipendwacho na vilabu vya Kigali: yahagaritswe, amesimamishwa. APR ilimsimamisha Mmoroko Adil Erradi Mohamed Oktoba 2022. Rayon Sports ilimsimamisha Robertinho yuleyule, aliyekuwa amerejea Kigali, Aprili 2025. Kusimamishwa kunasikika kama hatua ya muda, lakini katika visa hivi viwili aliyesimamishwa hakurudi kwenye benchi. Nafasi ya mtenda katika sentensi ipo, sarufi inairuhusu, na msemaji huiacha tupu.

Pale ambapo lugha ya taarifa huishia, misemo ya vijiweni na ya kurasa za michezo huendeleza. Kocha “anakalia kuti kavu”. “Kibarua chake kimeota nyasi”. “Amefungashiwa virago”. Misemo hii ni mizuri, na uzuri wake ndio unaofanya isichunguzwe. Kuti hukauka lenyewe kwa jua. Nyasi huota zenyewe kwa mvua. Anayefungasha virago hatajwi. Anayezoea kusikia habari za kazi ya mtu kwa misemo hii huzoea pia kuiona ajira kama hali ya hewa. Ni ajabu kiasi kwamba lugha yenye utajiri huu wa kueleza kuondoka kwa kocha haina msemo hata mmoja uliozoeleka wa kueleza kuajiriwa kwake vibaya.

Mavuno na shamba

Kinyarwanda huleta sitiari yake. Kocha akiondolewa, sababu inayotajwa mara nyingi ni umusaruro mubi, mavuno mabaya. Kiswahili husema “matokeo”, neno kavu zaidi. “Mavuno” ni sitiari yenye haki ndani yake, kwa kuwa mkulima yeyote wa milima ya Rwanda anajua kwamba mavuno hutegemea mbegu, udongo na mvua kabla hayajamtegemea mpalilizi. Lakini sitiari hutumiwa nusu. Mavuno huhesabiwa, shamba halikaguliwi.

Mfano wa APR unaonyesha gharama ya nusu hiyo. Adil alitwaa ubingwa wa ligi mara tatu mfululizo, kuanzia 2019/20 hadi 2021/22, na chini yake timu ilipita michezo mingi ya ligi bila kufungwa, kwa mfululizo ambao Rwanda haijauzoea. Hayo aliyafanya wakati klabu ikifuata sera, iliyodumu kuanzia 2012 hadi 2023, ya kusajili wachezaji Wanyarwanda peke yao. Kisha, Septemba 2022, timu ilishinda 1-0 Huye dhidi ya US Monastir ya Tunisia, ikafungwa 3-0 kwenye marudiano na kutolewa katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Wiki chache baadaye kocha alisimamishwa. Kulikuwa na mvutano wa ndani pia, na nahodha aliadhibiwa pamoja naye, kwa hiyo si haki kusema Monastir peke yake ndiyo iliyomwondoa. Lakini katika mabishano ya mashabiki hoja iliyotawala ilikuwa moja: anashinda nyumbani, Afrika hafiki. Sera ya usajili, ambayo hakuitunga yeye, iliingia katika hoja kama kisingizio cha kocha. Haikuingia kama uamuzi wa mtu mwingine anayeweza kuulizwa.

Yaliyofuata yangepaswa kuimaliza hoja hiyo. Sera ilibadilishwa 2023 na wachezaji wa kigeni wakarudi. Mwaka huo, chini ya Mfaransa Thierry Froger, APR ilitoka sare 0-0 na Pyramids ya Misri jijini Kigali, ikafungwa 6-1 Cairo. Mwaka 2024, chini ya Mserbia Darko Nović, ilikutana na Pyramids tena, ikatolewa tena. Mwaka 2025, chini ya Mmoroko Abderrahim Talib, ni Pyramids kwa mara ya tatu, wakati huo wakiwa mabingwa wa Afrika, na APR ikatolewa kwa mara ya tatu. Makocha watatu wa mataifa matatu walipata jibu moja kutoka kwa mpinzani mmoja. Mtu anayelinganisha mavuno angelazimika sasa kutazama shamba. Mabishano, hata hivyo, yaliendelea kuuliza kama Talib ni bora kuliko Nović. Nović mwenyewe aliondoka Mei 2025, siku chache baada ya kutwaa Kombe la Amani kwa kuifunga Rayon 2-0, zikiwa zimebaki mechi chache za ligi ambayo APR iliimaliza ikiwa bingwa. Ikiwa rekodi ndiyo kipimo, kuondoka huko hakuelezeki. Maelezo yake yako mahali ambapo lugha ya mabishano haifiki.

Kumbukumbu kama hoja

Upande wa Rayon hali ni tofauti, na inavutia zaidi, kwa sababu hapo rekodi hubadilishwa na mapenzi. Mwaka 2018 Rayon ilikuwa klabu ya kwanza ya Rwanda kufika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikitoka katika kundi lililokuwa na USM Alger, Gor Mahia na Yanga. Ushindi wa 1-0 dhidi ya Yanga jijini Kigali ndio uliofungua mlango, kabla ya Enyimba ya Nigeria kuufunga. Katika kumbukumbu ya mashabiki, safari hiyo ni ya Robertinho. Ukweli ni kwamba timu ilifuzu hatua ya makundi na kuanza michezo yake ya kwanza chini ya Mbelgiji Ivan Minnaert. Robertinho aliipokea njiani, akaimalizia vizuri, kisha akatwaa ubingwa wa ligi wa 2018/19. Sifa yake ni halali. Lakini masimulizi ya mdomo hupenda shujaa mmoja kwa safari moja, kama tendi zinavyopenda, na Minnaert ameachwa nje ya utendi.

Kwa hiyo Robertinho aliporejea kwa msimu wa 2024/25, alirudi akiwa amebeba rekodi ambayo sehemu yake haikuwa yake, na alipimwa kwa hiyo. Rayon ilikuwa bado katika mbio za ubingwa aliposimamishwa. Katika kisa hiki kuna jambo ambalo uhakiki wa lugha haupaswi kuliruka. Uongozi uliomleta katikati ya 2024 haukuwa tena madarakani. Rais wa klabu alijiuzulu Septemba mwaka huo, na viongozi wapya wakachaguliwa Novemba. Waliomsimamisha hawakuwa waliomwajiri. Sentensi “Rayon imemsimamisha kocha wake” ni ya kweli kisarufi na inapotosha kimaana, kwa kuwa jina “Rayon” linafunika watu wa makundi mawili, na kiambishi “-ke” kinampa mmiliki ambaye hakuwepo alipochaguliwa.

Inaweza kupingwa kwamba mashabiki wanajua haya yote. Wanajua. Shabiki wa Rayon ambaye amechangia fedha zake ana ulimi mwepesi juu ya kamati kuliko shabiki wa APR juu ya wenye timu, na ana sababu: Septemba 2020 Bodi ya Utawala ya Rwanda iliuondoa uongozi mzima wa Rayon baada ya migogoro ya muda mrefu, na siku hizo majina ya viongozi yalitajwa kuliko ya wachezaji. Lakini kujua ni jambo moja na kuwa na sentensi ya kawaida ya kusemea ni jingine. Katika mabishano ya kila wiki, viongozi huitwa “wao”, na kocha huitwa kwa jina lake.

Tabia hii haiko kwa wanyonge tu. Tarehe 13 Agosti 2021 Arsenal, klabu ambayo jezi zake zilianza kubeba tangazo la utalii la Rwanda mwaka 2018, ilifungwa 2-0 na Brentford. Rais Paul Kagame, shabiki wake wa miaka mingi, aliandika hadharani kwamba mashabiki hawastahili kuzoezwa hali hiyo, na kwamba inajulikana mzigo mzito zaidi uko mabegani mwa nani. Hakumtaja mwenye mabega. Mikel Arteta alibaki kazini, na Arsenal ikamaliza ya pili katika misimu ya 2022/23, 2023/24 na 2024/25. Hata shabiki mwenye sauti kubwa kuliko wote alipofika kwenye nafasi ya mtenda, aliiacha wazi ili kila msomaji aijaze.

Linalowahusu washauri wa sera

Vyombo vya habari vya Kiswahili vinasomwa na kusikilizwa Kigali, Bujumbura, Goma na Dar es Salaam, na mtindo wao wa michezo ndio Kiswahili ambacho vijana wengi wa Rwanda hukutana nacho nje ya darasa. Miongozo ya uandishi, na vitabu vya kufundishia vinavyotumia habari za michezo kama matini, vinaweza kudai mambo mawili madogo kila kocha anapoondolewa: nani aliamua, na ni nani aliyesaini mkataba wa kumwajiri. “Kamati ya utendaji imemfukuza kocha aliyeajiriwa na kamati iliyotangulia” ni Kiswahili sanifu, na kauli ya kutenda haihitaji istilahi mpya.

Kwa Rayon, sentensi hiyo ina mahali pa kupelekwa, kwa kuwa klabu ina mkutano mkuu na viongozi wa kuchaguliwa. Kwa APR hakuna mkutano wa namna hiyo ambamo shabiki wa Busanza anaweza kuuliza kwa nini kocha mwenye kombe mkononi aliondoka mwezi uleule. Ataendelea kulinganisha makocha, kwa kuwa hao ndio aliopewa majina yao.